Kujituma na Kutumwa: Tahakiki ya Dhana ya "Askari Mwema" katika Tafiti za Watumishi wa Magereza

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya moyo wa kazi na juhudi za ziada kama inavyotumiwa katika tafiti kuhusu watumishi wa magereza. Tafiti nyingi za aina hiyo zimejengwa juu ya vipimo vilivyobuniwa Marekani, na zinamchukua mtumishi anayejituma kuwa ni yule anayeipa taasisi yake zaidi ya ilichomdai. Kwa kuuchunguza msamiati wa Kiswahili unaohusu kutuma na kutumikia, na kwa kuyasoma maandishi ya watu waliofungwa nchini Kenya, makala yanadai kuwa gerezani juhudi za ziada hazifuati njia ya utiifu kwa taasisi kila mara. Huweza kumwelekea mfungwa, na huweza hata kukiuka amri. Dai hili linawahusu watunga hojaji na washauri wa sera kwa kiasi kilekile.

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita niliombwa kukagua tafsiri ya Kiswahili ya hojaji iliyokusudiwa askari wa magereza. Hojaji yenyewe ilikuwa ya kawaida katika taaluma ya utawala: kauli ishirini na kitu, kila moja ikifuatwa na ngazi tano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Tafsiri haikuwa mbaya. Mtafsiri alikuwa ameepuka mitego mingi ambayo huwanasa wengine. Hata hivyo nilikwama kwenye kauli moja iliyomtaka askari aseme iwapo anajiona kuwa mmoja wa familia ya taasisi yake. Kwa karani wa benki au mwalimu wa sekondari, kauli hiyo ni sitiari, na anaijibu kama sitiari. Askari wa magereza anaishi kambini. Mkewe anachota maji kwenye bomba la kambi, wanawe wanaamshwa na filimbi ileile inayowaamsha wafungwa, na jirani yake wa ukuta mmoja ndiye mkuu wake wa zamu. Akiulizwa kuhusu familia ya taasisi, anaulizwa jambo gani hasa?

Nilirekebisha sentensi mbili tatu nikairudisha hojaji. Swali lilibaki nami, na makala haya ni jaribio la kulijibu. Sikusudii kuziponda tafiti za kiidadi, ambazo bila shaka zimetusaidia kuona uhusiano kati ya msongo wa kazi, mishahara, na watumishi kuacha kazi. Ninachohoji ni dhana inayozibeba. Nahoji kama mwanafasihi, kwa kuwa naamini maandishi yaliyotungwa ndani ya kuta za magereza yetu yana ushahidi juu ya kazi ya askari ambao hojaji haijaweza kuupata.

2. Tuma, tumikia, jituma

Tuanze na lugha, maana Kiswahili kimelisemea jambo hili kabla ya wanataaluma. Neno linalotumiwa sana sasa, hasa Tanzania, kwa mtumishi anayefanya zaidi ya alichoagizwa ni kujituma. Umbo lake lina kinaya. Kutuma ni kumpa mtu mwingine amri ya kwenda au kutenda. Anayejituma amekuwa mtumaji na mtumwaji kwa pamoja. Hakuna aliyemwagiza, naye ametenda kana kwamba ameagizwa. Katika shina hilohilo tunapata mtume, mtumwa, mtumishi na utumishi, maneno yaliyo mbali sana kwa hadhi ingawa ni ndugu kwa asili. Tunapata pia kutumikia. Hapo ndipo gereza linapojitokeza, kwa sababu kitenzi hiki hutumika kwa watu wawili wanaotazamana kupitia nondo zilezile: mfungwa anatumikia kifungo, na askari anaitumikia serikali.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni sadfa ya msamiati. Nadhani ni zaidi ya hapo. Mfungwa na askari wote wawili wamo ndani kwa muda uliopangwa na mtu mwingine, wamevishwa sare, wanahesabiwa asubuhi na jioni (mmoja katika foleni ya wafungwa, mwingine katika gwaride), na wanaitwa kwa nambari au kwa cheo kabla ya kuitwa kwa jina. Erving Goffman, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu hospitali za wagonjwa wa akili na asasi nyingine za aina hiyo, alizieleza taasisi zinazoyameza maisha yote ya wanaoishi ndani yake. Alijishughulisha zaidi na wale wanaofungiwa. Kitenzi chetu kinatukumbusha yule anayefunga.

Majina ya mahali penyewe yana historia yake. Gereza linaaminika kutokana na neno la Kireno la kanisa, na Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno, ilitumika kama gereza la serikali ya kikoloni kuanzia 1895 hadi 1958. Jela imetoka kwa Waingereza. Zanzibar imeyaacha majina hayo yote mawili rasmi na kuchagua Chuo cha Mafunzo, na aliyefungwa huitwa mwanafunzi. Wapo wanaocheka wanaposikia hivyo, nami sioni la kuchekesha. Jina likisema mwanafunzi, ni lazima pawe na mwalimu, na mwalimu hapimwi kwa idadi ya milango aliyoifunga barabara. Jina hilo limeweka deni. Kama deni linalipwa ni suala jingine, lakini hojaji iliyotafsiriwa kutoka kwingine haiwezi hata kuuliza, kwa kuwa haina habari kwamba deni lipo.

3. Askari mwema wa vitabuni

Mwaka 1988 mtaalamu wa Marekani Dennis Organ alichapisha kitabu kuhusu mwenendo wa kiraia kazini, na katika anwani yake ndogo alimtaja "askari mwema". Alikuwa akiwazungumzia watumishi wa ofisi na viwanda. Askari ilikuwa tashbihi ya mtu anayebeba zaidi ya mzigo wake bila kunung'unika. Organ alizitaja sifa tano: kuwasaidia wenzako, kuwa na adabu ya kuwaarifu mapema juu ya mambo yatakayowagusa, kufanya kazi kupita kiwango cha chini kinachodaiwa, kuvumilia usumbufu mdogomdogo bila malalamiko, na kushughulika na mambo ya jumla ya taasisi. Mwaka 1991 John Meyer na Natalie Allen waliyagawa mafungamano ya mtumishi na taasisi katika mafungu matatu: anayebaki kwa kupenda, anayebaki kwa kuhesabu hasara ya kuondoka, na anayebaki kwa kuona ni wajibu. Baadaye Eric Lambert, Nancy Hogan na Marie Griffin waliziunganisha nadharia hizi na kuzipeleka magerezani. Makala yao ya 2008 yalimrudisha askari mwema wa Organ mahali ambapo askari ni askari kweli.

Katika kurudi huko ndiko dhana ilikopaswa kutikisika, na haikutikiswa vya kutosha. Ofisini, kumwita mtu askari mwema ni kumsifu kwa sifa ya kuazima. Gerezani sitiari inakufa, na kinachobaki ni swali la kisiasa: askari mwema kwa nani? Kwa mkuu wa gereza, kwa wenzake wa zamu, kwa mfungwa, au kwa raia aliye nje ya ukuta? Kiwandani pande hizo huweza kuafikiana, maana bidhaa ikiwa nzuri wote wananufaika. Gerezani bidhaa ni mtu, naye ana macho na kumbukumbu.

Sifa ya nne ya Organ, ile ya kuvumilia bila kulalamika, inahitaji kutazamwa kwa karibu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inawatoa watumishi wa magereza katika upeo wake, pamoja na polisi na majeshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inafanya vivyo hivyo kwa Jeshi la Magereza. Maana yake ni kwamba askari hana chama cha wafanyakazi cha kumsemea. Kunyamaza kwake kumeandikwa katika sheria. Mtafiti anapokuja na hojaji na kukuta askari "wanavumilia", kisha akawapa alama za juu za moyo wa kazi, amepima sheria akidhani amepima moyo.

Mwezi Aprili 2008 askari wa magereza nchini Kenya waligoma, wakidai posho na kulalamikia hali ya makazi yao. Kwa mizani ya askari mwema, huo ulikuwa mporomoko wa utiifu. Matokeo yake yalikuwa kuundwa kwa kamati ya ngazi ya juu chini ya Marsden Madoka, iliyochunguza hali ya magereza yenyewe, na kwa njia hiyo hali ya wafungwa ikajadiliwa kitaifa kwa sababu askari walifungua mdomo. Albert Hirschman, aliyeandika mwaka 1970 juu ya kuondoka, kusema na kutii, angeelewa upesi: mtu ambaye hajali taasisi huondoka kimyakimya, na anayelalamika bado ana tumaini nayo. Sidai kwamba wagomaji wote walikuwa na huruma kwa wafungwa. Wengi, nadhani, walitaka posho, na walikuwa na haki ya kuitaka. Nadai tu kuwa mizani inayohesabu lalamiko kama upungufu haifai kwa mahali ambapo lalamiko ni kosa la nidhamu.

Fungu la pili la Meyer na Allen, la hesabu ya hasara, linaharibika kwa namna nyingine. Askari akiacha kazi anaacha na nyumba. Watoto wanahama shule, mke anapoteza genge lake la mboga karibu na lango. Mafungamano ya aina hiyo yatakuwa makubwa hata pale ambapo askari anaichukia kazi, na mshauri wa sera asiyejua mpangilio wa kambi ataandika kwamba watumishi wana uthabiti.

4. Askari katika maandishi ya waliofungwa

Nageukia sasa maandishi. Fasihi ya gerezani ya Afrika Mashariki imesomwa zaidi kama fasihi ya upinzani, na kwa haki. Wahakiki wamemwangalia mfungwa na dola iliyomfunga, naye askari aliyesimama katikati amepitwa kama fanicha. Kumsoma upya kunahitaji subira, maana mara nyingi hayumo ndani ya matini. Yumo katika kuwepo kwa matini.

Mfano ulio wazi kupita yote ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mshairi alihukumiwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, akafungwa hadi 1972, sehemu kubwa ya kifungo hicho akiwa amewekwa peke yake. Diwani ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Kwa nilivyousoma mkusanyo huo, askari si msemeshwaji wake. Mshairi anazungumza na watawala, na wananchi wenziwe, na jamaa, na nafsi yake. Katika "Mamba" anamkabili mwenye nguvu anayejivunia nguvu zake. Katika "Siwati" anakataa kuuacha msimamo wake. Aliye karibu naye kupita wote hao kwa umbali wa hatua, yule mwenye funguo, hatajwi kwa uzito unaolingana na ukaribu huo.

Hata hivyo mashairi hayo yaliandikwa kwenye karatasi za msalani na yalitoka gerezani kwa msaada wa askari aliyemwonea mshairi imani. Bila mtu huyo tusingekuwa na diwani. Pengine tungekuwa na mashairi machache yaliyohifadhiwa kichwani. Nawaomba watafiti wa utumishi wazingatie tendo hilo kama data. Askari alifanya jambo ambalo halikuwa katika majukumu yake. Alilifanya bila kuagizwa na kwa hatari ya kufukuzwa au kufungwa yeye mwenyewe. Alilifanya kwa faida ya mtu aliyekabidhiwa kumlinda. Ni juhudi za ziada kwa kila kigezo cha lugha, na ni kujituma kwa maana kamili ya neno. Ukiliingiza katika hojaji ya Organ, litakuwa utovu wa uaminifu kwa taasisi.

Hapa mhakiki makini atauliza kama hatujazipotosha istilahi: je, kuivunja kanuni ya kazi kunaweza kuitwa juhudi za kazi? Jibu linategemea kazi ni ipi. Ikiwa kazi ya gereza ni kuzuia maneno yasitoke, askari yule aliiasi. Ikiwa kazi ya gereza, kama magereza yetu yote yanavyotangaza sasa, ni kumlinda na kumrekebisha binadamu, basi alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa wakiifanya siku hiyo.

Ngũgĩ wa Thiong'o anatupa mfano wa aina nyingine. Aliwekwa kizuizini Kamiti kuanzia mwisho wa Desemba 1977 hadi Desemba 1978, akijulikana kwa nambari K6,77, na humo akaandika kwa Kigĩkũyũ, vilevile kwenye karatasi za msalani, riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shetani Msalabani. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1981 anasimulia jinsi msako ulivyofanywa na mswada ukachukuliwa. Baada ya wiki kadhaa mkuu mpya wa gereza akamrudishia, akimwambia kwamba haoni ubaya ndani yake, na kwamba Kigĩkũyũ chake ni kigumu.

Tukio hili halina ushujaa wa wazi, na kwa sababu hiyo nalipenda. Hakuna siri wala magendo. Afisa ana mamlaka halali ya kuuzuia mswada, na kuuzuia kungekuwa njia salama kwake. Hakuna mkuu wa magereza ambaye amewahi kuulizwa kwa nini alichoma karatasi za msalani. Lakini aliamua. Hata hiyo kauli kuhusu ugumu wa lugha ni ya mtu aliyesumbuka kuisoma. Juhudi za ziada hapa ni kusoma, na hakuna fomu ya tathmini ya utumishi ninayoijua yenye sehemu ya kuandika kwamba afisa alisoma alichokuwa na ruhusa ya kukiharibu bila kukisoma.

Katika kumbukumbu hizohizo Ngũgĩ haonyeshi askari kama kundi moja. Wapo wakali, wapo waoga, wapo wanaotaka mazungumzo, na kutokana na mazungumzo yao mwandishi alijifunza mambo ya lugha yaliyoingia katika riwaya yake. J. M. Kariuki, aliyezuiliwa katika kambi mbalimbali za kikoloni kuanzia 1953, zikiwemo za Manyani na Lodwar, na ambaye masimulizi yake ya 1963 yalitafsiriwa kwa Kiswahili kama Mau Mau Kizuizini, anaonyesha pia kuwa kambi haikuwa ukuta mmoja. Barua alizoandika kulalamikia mateso zilipenya nje, na zisingepenya bila mikono ya waliokuwa na ruhusa ya kupita langoni. Riwaya ya Adam Shafi, Haini (2003), iliyozaliwa na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972 na kutungwa na mtu aliyepitia kizuizi hicho, inastahili uchambuzi wake peke yake kwa jinsi inavyowachora walinzi. Nafasi ya makala haya haitoshi.

Mtaalamu wa sosholojia Gresham Sykes, alipochunguza gereza la ulinzi mkali la New Jersey na kuchapisha kitabu chake mwaka 1958, aligundua jambo linaloafikiana na maandishi haya. Mlinzi ana mamlaka makubwa kwenye karatasi, lakini hawezi kuliendesha gereza kwa nguvu tupu. Kila siku anapuuza makosa madogo ili apate ushirikiano katika mambo makubwa. Sykes aliyaita mapatano hayo kuharibika kwa mamlaka. Ajabu ni kwamba data zake zinaonyesha kinyume cha jina alilozipa: bila mapatano hayo gereza lisingeenda hata kidogo. Tafiti zilizofuata zingeweza kuanzia hapo. Badala yake nyingi zilichagua kupima askari anavyoipenda taasisi.

5. Utiifu uliokamilika

Ikiwa bado kuna anayeamini kwamba utiifu na juhudi ni kitu kimoja kwa viwango tofauti, aikumbuke Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi hiyo iliyo karibu na Mto Tana, wazuiliwa waliokataa kufanya kazi walipelekwa kazini kwa nguvu, kwa utaratibu uliokuwa umepangwa na afisa mwandamizi wa magereza na kuidhinishwa na wakubwa wake. Wazuiliwa kumi na mmoja walipigwa hadi kufa. Tangazo la kwanza la serikali lilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Walioshika marungu walikuwa askari wa Kiafrika wa magereza, wengi wao vijana wenye mshahara mdogo.

Sioni njia ya kuukataa ukweli kwamba siku ile askari walionyesha juhudi. Walitumwa, nao wakafanya kupita walivyotumwa. Mtu akiwauliza jioni ile kama wanaiamini kazi yao, kama wanawasaidia wenzao wa zamu, kama wanavumilia jua la Tana bila kulalamika, alama zingekuwa za juu. Mizani ya askari mwema haina namna ya kuitenga Hola na siku njema, kwa kuwa inamtazama askari na taasisi tu. Mtu wa tatu hayumo.

Mtu huyo wa tatu ndiye anayerudishwa na maandishi ya gerezani, na hapo ndipo naona faida ya kifasihi kwa watafiti wa sera. Mashairi na kumbukumbu si sampuli wakilishi, na hakuna anayedai hivyo. Yanatoa jambo jingine: nafasi ya kusimama. Yanamtazama askari kutoka upande wa nondo ambao hojaji haijawahi kuketi.

6. Pingamizi la bei

Pingamizi zito dhidi ya hoja yangu halitoki kwa wananadharia. Linatoka katika kumbukumbu za hivi karibuni. Mwezi Novemba 2021 wafungwa watatu waliokuwa wamehukumiwa kwa makosa ya ugaidi walitoroka Kamiti, gereza lilelile la Abdilatif na Ngũgĩ. Walikamatwa siku chache baadaye. Maafisa kadhaa wa gereza walitiwa mbaroni na Kamishna Mkuu akaondolewa. Mlango unaopitisha shairi unapitisha simu, bangi na mtu. Je, anayemsifu askari wa 1970 hajampa udhuru askari wa leo?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu kuliko mengine, na sina jibu safi. Kwa umbo, matendo yanafanana: yote ni siri, yote yanavunja kanuni. Tofauti mojawapo ni bei. Kinachouzwa hakiwezi kuitwa kujituma, maana mwenye pesa ndiye aliyetuma. Lakini bei haimalizi suala, kwa kuwa rushwa pia huja kwa sura ya urafiki, kama Sykes alivyoonya, na mtu anaweza kuhurumiwa vibaya. Tofauti ya pili ni kama tendo lingeweza kusimuliwa hadharani baadaye bila aibu. Askari aliyetoa mashairi anaweza kusimuliwa leo mbele ya wajukuu wake. Ni kigezo kinachokuja kwa kuchelewa, nakiri, na mkuu wa gereza hawezi kusubiri miaka hamsini ili aamue kama amwadhibu mtu.

Analoweza kufanya ni kupanua eneo la halali. Mfungwa asipokuwa na kalamu na karatasi kwa haki, wema wa askari unalazimika kuwa magendo, na magendo hayo yakishazoeleka, njia imeshafunguliwa kwa mengine. Kumekuwepo na mifano ya upanuzi huo katika ukanda wetu. Nchini Kenya, kuanzia 2003 chini ya Moody Awori, milango ya magereza ilianza kufunguliwa kwa ndugu, vyombo vya habari na walimu. Kenya na Uganda, kupitia mpango ulioanza kwa jina la African Prisons Project, wafungwa na maafisa wamesomea sheria pamoja kwa masafa katika Chuo Kikuu cha London. Afisa anayeketi darasani na mtu anayemfungia usiku, wakabishana juu ya kifungu cha katiba, yumo katika hali ambayo Organ wala Meyer hawakuikadiria. Lau askari wa miaka ya sabini angekuwa na darasa kama hilo, asingehitaji kuficha karatasi kwenye sare.

Washauri wa sera hawakosi pa kuanzia. Azimio la Kampala la 1996 kuhusu hali ya magereza barani Afrika lilitenga sehemu kwa ajili ya watumishi, likaihusisha hali yao na hali ya wafungwa. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema wazi kuwa uendeshaji mwema wa gereza hutegemea uadilifu na utu wa watumishi pamoja na uwezo wao, na kwamba mishahara iwe ya kutosha kuwavuta na kuwabakisha watu wanaofaa. Neno utu limo mle kwa makusudi. Halimo katika hojaji niliyoikagua.

Kama ningeombwa kuikagua tena, ningependekeza mambo mawili kabla ya kugusa sarufi. La kwanza ni kuondoa kila kauli inayompa askari alama kwa kunyamaza, mpaka sheria itakapomruhusu kusema. La pili ni kuongeza swali lililo wazi, lisilo na ngazi tano, linalomtaka askari asimulie siku aliyomfanyia mfungwa jambo ambalo hakutumwa. Na katika bahasha nyingine, kwa utaratibu wa siri uliokubaliwa na kamati ya maadili, mfungwa aulizwe vivyo hivyo kuhusu askari. Visa hivyo viwili vikiwekwa pamoja huenda visikubaliane. Ningeanza majaribio Zanzibar, kwa sababu huko neno mwanafunzi limeshatangulia, na mwanafunzi akiulizwa kuhusu mwalimu wake hashangai.